Kipimo cha vinasaba cha kutema mate nyumbani: nilichopata kwa pauni mia na ushei

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kama unakitaka kipimo hiki kwa ajili ya afya, na wewe ni mtu wa pwani yetu au mtu wa Afrika kwa jumla, usikinunue bado. Kama shida yako ni kujua mababu walitoka wapi, shauri yako, ila soma mpaka chini kabla hujatoa kadi ya benki.

Mimi ni Mzanzibari, naishi Northampton, Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Wengi wao wana maradhi ya kusahau, Alzheimer na ndugu zake. Ukimvisha viatu mtu aliyekuita jina lako jana, na leo anakuuliza wewe nani, huachi kukifikiria kichwa chako mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kununua. Sababu ya pili ni kwamba kampuni ilitangaza punguzo la bei, na mimi punguzo hunipita kwa tabu. Jina la kampuni silitaji. Ziko nyingi, zinafanana, na mengi nitakayosema yanazigusa takriban zote.

Kisanduku chenyewe kizuri. Maelezo yake ni ya picha, hata mama yangu asiyesoma Kiingereza angefuata. Ndani mna kichupa cha plastiki chenye mstari, kifuniko kilichobeba dawa ya kuhifadhi mate yasiharibike njiani, na bahasha ya kurudishia ambayo posta yake imeshalipiwa. Unasajili namba ya kichupa kwa simu, unatema mpaka mate yafike kwenye mstari, unafunga, unatikisa, unapeleka posta. Sharti ni usile, usinywe wala usitafune kitu kwa nusu saa kabla. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nikasema sharti hilo nimelitimiza tangu alfajiri. Lo! Kinywa cha mfungaji saa kumi za jioni hakina mate ya kumgaia mtu, na povu halihesabiwi. Nilisimama jikoni na kichupa mkononi huku sambusa zinakaangwa, harufu yake ndiyo iliyonisaidia.

Sampuli hiyo ilikataliwa. Maabara walisema DNA haikutosha. Kichupa kingine walileta bure, hilo nawapongeza, lakini kuwapata kwenye huduma kwa wateja ni kazi: kwanza unajibiwa na mashine ambayo kila ukiuliza kitu inakuuliza kama umeshasajili namba. Binadamu alipopatikana alikuwa muungwana. Mate ya pili niliyatema usiku baada ya tarawehe, na majibu yakaja kwa simu wiki kadhaa baadaye.

Kabla ya majibu, ni vizuri ujue unachouziwa. Watu wanadhani kampuni inasoma vinasaba vyako vyote. Haisomi. Vinasaba vya mtu vina herufi kiasi cha bilioni tatu. Chipu inayotumika kwenye vipimo vya bei hii inatazama sehemu laki kadhaa tu zilizochaguliwa mapema, pale panapojulikana kuwa watu hutofautiana. Nani alizichagua, na kwa kuwatazama watu gani, ndipo mzizi wa fitina ulipo. Chukua mfano ulio hadharani. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu 23andMe, kampuni inayouza vipimo kama hivi, kuwapa wateja ripoti ya jeni za saratani ya matiti, BRCA1 na BRCA2. Ripoti hiyo wakati ule ilitazama mabadiliko matatu, ambayo hupatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Mabadiliko yanayojulikana kwenye jeni hizo mbili yanapita elfu moja. Sasa fikiria mama wa Wete anayesoma "hayakuonekana" na kulala fofofo, na dada yake amekufa kwa ugonjwa huo huo.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa ule wa Alzheimer. Wameufunga kwa kufuli, na naliona hilo ni jambo jema: unasoma onyo, unathibitisha kwamba kweli unataka kujua, ndipo unafunguliwa. Jeni yenyewe inaitwa APOE, ipo kwenye kromosomu ya 19, na ina sura tatu za kawaida zinazoitwa e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mimi nina e3 na e4. Kwa watu wa Ulaya, e4 moja huongeza uwezekano wa Alzheimer mara mbili hadi tatu, na e4 mbili huongeza mara nane na zaidi. Hizo ndizo hesabu zilizoandikwa kwenye ripoti, pamoja na mchoro wa watu vijitu, baadhi wamepakwa rangi.

Halafu chini, kwa herufi za kuumiza macho: makadirio haya yametokana na watu wenye asili ya Ulaya.

Basi yangu mimi ni ipi? Kwa bahati, jambo hili limewahi kutafitiwa. Kuanzia mwaka 1992 watafiti walifuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Waliona wa Ibadan wanapata dimensia, yale maradhi ya kusahau, kwa kiasi kidogo zaidi, na kwao e4 haikuwa na nguvu kama ile inayoonekana kwa wazungu, ingawa Waafrika wengi wanayo. Sababu haijakaa sawa: huenda ni vinasaba vingine vilivyo jirani na jeni hiyo, huenda ni chakula, shinikizo la damu, maisha yenyewe. Mteja mwenye asili ya Afrika angepaswa kuambiwa hayo juu ya ukurasa, kabla ya michoro. Mimi niliyatafuta mwenyewe usiku, na nilishafika kazini kesho yake nikimtazama bibi mmoja wa chumba cha mwisho kwa jicho ambalo sikulipenda.

Ukurasa wa kisukari ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Kisukari kwetu hakina utangulizi. Kila nyumba ina mwenye sindano kwenye friji. Kampuni inachukua mabadiliko mengi sana madogomadogo, kila moja na mchango wa chembe, inayajumlisha na kukupa alama. Yangu ilisema "kawaida". Chini yake tena ule wimbo wa herufi ndogo: usahihi unapungua kwa wasio na asili ya Ulaya. Haishangazi. Hadi mwaka 2018, katika watu wote walioingizwa kwenye tafiti za kuhusisha vinasaba na maradhi, asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Alama iliyopikwa kwa watu wa Bristol na Copenhagen ukiipeleka Makunduchi inapoteza njia, maana Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko pengine popote duniani. Mradi wa H3Africa, unaotafiti vinasaba vya Waafrika, ulipochapisha kazi yake mwaka 2020, watu 426 tu kutoka makabila 50 walitosha kutoa mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote.

Sasa nenda kurasa mbili mbele, kwenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hapo nilitangaziwa kwamba mimi ni mbebaji, yaani nina nakala moja ya jeni yake. Ahsanteni, nilikuwa najua. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza hapa Uingereza, mkunga alitoa damu wakapima hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, baba yake naye akaitwa akapimwa, hatukulipa senti. Watoto wote wanaozaliwa hapa huchomwa kisiginoni, na sikoseli ni miongoni mwa maradhi yanayotafutwa katika tone lile. Na ujuzi wenyewe wa sikoseli umetokana kwa sehemu kubwa na damu ya watu wetu. Mwaka 1949 Tony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alizunguka nchi ile akipima damu. Alikuta wabebaji wanapita asilimia 20 kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na milimani hata asilimia moja hawafiki. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria. Herufi moja tu ya jeni ya hemoglobini imebadilika; ukiwa nayo moja umekingwa, ukiwa nazo mbili unaumwa maisha.

Jambo ambalo ripoti haikuniambia ni hili. Sisi tulio wabebaji, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kinaweza kutusomea chini kuliko hali halisi. Kipimo kile kinaangalia sukari iliyonata kwenye hemoglobini, na hemoglobini yetu si sawa na ya wengine. Utafiti uliotoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2017 ulilinganisha Wamarekani weusi wenye sukari inayofanana: kwa wabebaji kipimo kilisoma wastani wa asilimia 5.72, kwa wasiobeba asilimia 6.01. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomtenganisha anayeambiwa "nenda zako" na anayeambiwa "kaa kitako tuzungumze". Huko Uganda nako, utafiti wa watu zaidi ya 6,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta upungufu mwingine kwenye jeni za hemoglobini, umeenea sana kwa sababu nao hukinga malaria, nao pia unakigusa kipimo hicho hicho.

Kwa hiyo kampuni ilikuwa na habari mbili mkononi: huyu mama ni mbebaji wa sikoseli, na huyu mama anauliza kuhusu kisukari. Zimewekwa kwenye kurasa mbili ambazo hazisemezani. Kwa mtu wa Sweden kasoro hiyo haina madhara. Kwa mtu wa Unguja ndiyo habari pekee katika ripoti nzima ambayo angeweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Nilimwomba daktari wangu anipime sukari ya kufunga kwa damu ya mshipa. Alisita, nikamweleza, akakubali. Ilitoka juu kuliko HbA1c ilivyokuwa ikidai, bado haijafika kisukari. Vijiko vya sukari kwenye chai ya maziwa nimevipunguza, na mandazi sasa ni ya Ijumaa. Kama wewe ni mbebaji, au kwenu kuna sikoseli, muulize daktari wako swali hilo hilo, halihitaji kununua kisanduku.

Baba watoto yeye alikataa kutema. Alisema mate yake ni yake. Lakini kwa ajili ya lehemu (kolesteroli) anadungwa sindano mara mbili kwa mwaka, inaitwa inclisiran, NHS, huduma ya afya ya serikali hapa, wanaitoa tangu 2021. Namwambia kila akirudi kliniki kwamba sindano ile inadaiwa na watu weusi wa Dallas, Marekani. Watafiti wa huko, Helen Hobbs na Jonathan Cohen, waliona kwamba baadhi ya wakazi weusi wa mji ule wana jeni ya PCSK9 iliyokufa nakala moja. Watu hao, kama asilimia mbili, lehemu mbaya ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo, na utafiti wa pili, wa watu weusi wa miji mingine, ulionyesha kwamba maradhi ya moyo kwa wenye jeni hiyo yalikuwa adimu mno. Waliyachapisha mwaka 2005 na 2006. Wenye viwanda vya dawa wakajiuliza: kama kuzimika kwa jeni hii hakumdhuru mtu, kwa nini tusiizime kwa dawa? Dawa za kwanza za aina hiyo zilipitishwa mwaka 2015. Naisimulia hadithi hii kwa sababu inaonyesha vinasaba vya weusi vikitazamwa ipasavyo huzaa nini, na faida inawafikia wote, hata baba watoto mwenye bibi wa Muscat.

Kuna kipande cha kuzeeka, nakipita haraka. Kwa pesa ya ziada wanakuuzia "umri wako wa kibaiolojia" na alama ya maisha marefu. Sikulipa. Utafiti wa mapacha wa Denmark wa mwaka 1996 ulikadiria kuwa vinasaba vinachangia kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha. Mwaka 2018 wengine wakachambua nasaba za watu zaidi ya milioni 400, wakashuka chini ya asilimia 10, maana waligundua hata mashemeji na wakwe hufanana umri wa kufa, ilhali hawana damu moja: watu huoa wanaofanana nao kwa maisha. Kwa hiyo ukitaka kujua utaishi miaka mingapi, mtazame mama mkwe. Hilo ni bure.

Asili sasa, maana najua ndiko macho ya wengi yalikokimbilia. Ripoti yangu ilinipa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati, na sehemu ndogo ya Iran na Arabuni. Binamu yangu wa Malindi, anayeshikilia kwamba asili yake ni Shirazi, yaani Uajemi, alinipigia simu kabla hata sijamaliza kusoma. Nikamwambia angetulia kwa jarida la sayansi la Nature la Machi 2023, ambamo watafiti, miongoni mwao Chapurukha Kusimba wa Kenya, walisoma DNA ya watu 80 wa kale kutoka makaburi ya pwani na jirani zake: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Walikuta wanawake wa Kiafrika na wanaume waliotoka zaidi Uajemi walianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000. Kwa upande wa mama, karibu wote Waafrika. Wazee waliokuwa wakisimulia habari za Shirazi hawakuwa wakitunga, na wanaowasahau mabibi zao wanapunguza nusu ya nasaba. Kipimo cha dukani hakikupi undani huo. Kinakurushia asilimia na ramani yenye rangi. Kitufe cha "tafuta ndugu" nimekizima. Babu yangu alikuwa baharia, na baadhi ya bandari ni bora zibaki zilivyo.

Kuhusu usiri, usione aibu kuwa mbishi kama baba watoto. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni waliingia 23andMe na kuchota taarifa za watu kama milioni 6.9. Wengi wao hawakuibiwa nywila. Waliponzwa na kile kitufe cha kutafuta ndugu, kwa kuwa akaunti za jamaa zao zilivunjwa. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, Juni mamlaka ya kulinda taarifa ya Uingereza ikaitoza faini ya pauni milioni 2.31, na hatimaye ikauzwa kwa dola milioni 305 kwa taasisi inayoongozwa na mwanzilishi wake, Anne Wojcicki. Mimi sikununua kwao, lakini somo linanihusu: mate uliyompa mtu mmoja yanaweza kuhamia kwa mwengine. Miaka kabla ya hapo, 2018, kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline iliwekeza 23andMe dola milioni 300 ili iweze kutumia taarifa za wateja katika kutafuta dawa. Kwenye fomu ya kampuni yangu kuna kisanduku cha kukubali utafiti. Nilikaa nacho muda. Kwa upande mmoja ndivyo ile asilimia 2 itakavyopanda. Kwa upande mwengine sioni kwa nini nilipe mimi kwanza, kisha vinasaba vyangu viuzwe, kisha dawa nije kuuziwa. Nikaacha wazi. Wakija watafiti wa chuo chenye kamati ya maadili, wenye majibu ya kurudisha kwa jamii, nitatema bila Ramadhani wala sambusa.

Kwa walio Uingereza wanaoogopa bima: tangu 2018 kuna makubaliano ya serikali na kampuni za bima kwamba hazitakuuliza majibu ya kipimo cha kutabiri maradhi, isipokuwa Huntington, ugonjwa wa kurithi wa ubongo, kwenye bima ya maisha inayopita pauni 500,000. Walio nchi nyengine waulize kwao kwanza.

Nyota ngapi? Mbili. Sanduku, maelezo na ile kufuli ya ukurasa wa Alzheimer ni kazi iliyofanywa kwa akili. Ripoti ya afya imeandikwa kwa ajili ya mtu mwengine, mimi nimeisoma kwa juu ya bega lake. Mwanangu wa kwanza amechumbia, mchumba ni wa watu wa Tanga, nao walitaka kununua vipimo viwili kwa pamoja ili wapate bei nafuu. Nimewapeleka kwa daktari wakapimwe hemoglobini, damu ya mshipa, majibu kwa karatasi. Kampuni imenitumia namba ya punguzo nimgaie rafiki. Bado ninayo.